Tusi la Kipolandi

Siku ya Watakatifu Wote Wabelgiji huenda makaburini na vyungu vya krizantemi, maua ambayo hapa hayapelekwi kwa mtu aliye hai. Mwaka ule, ule ambao nchi ilikaa miezi na miezi bila serikali na tramu zikaendelea kupita kama kawaida, nami nilibeba chungu changu, mimba yangu ikianza kuonekana hata chini ya koti. Mama mkwe alitangulia na ndoo na brashi, mume wangu akafuata na maji. Mimi nilikuwa nimekatazwa kuinama. Basi nikasimama pale kama mgeni wa heshima, sina la kufanya, nikaanza kusoma jiwe.

Lilikuwa kaburi la bibi yake mama mkwe, mzaa mama yake, Mpolandi aliyekuja Ubelgiji kabla ya vita pamoja na mumewe, mumewe akachimba makaa ya mawe huko kusini mpaka vumbi lilipommaliza. Nilishawahi kuletwa pale, lakini sikuwahi kuachwa nisome kwa utulivu. Jiwe lilisema: mjane Fulani, aliyezaliwa Fulani. Fulani yuleyule. Nikasoma tena, nikidhani ukoga umenidanganya. Kwa desturi ya hapa mwanamke haachi jina la baba yake hata akiolewa, anakwenda nalo mpaka kaburini. Ukisoma "mjane" unajua aliolewa na nani, na ukisoma "aliyezaliwa" unajua alitoka kwa nani. Huyu, kwa mujibu wa jiwe, alikuwa ametoka kulekule alikokwenda.

Nikauliza kama walikuwa ndugu. Mume wangu alicheka, akasema labda jina hilo huko Poland limejaa kila kijiji. Mama mkwe hakuinua kichwa. Alisema ni mambo ya zamani, akaendelea kusugua herufi kwa nguvu, na mimi nikajua kwamba kuna kitu hapo, kwa sababu mtu ambaye hajali husugua polepole.

Lazima niseme kwamba mimi ni mdadisi. Mama yangu husema nilizaliwa nimetanguliza pua. Jioni ile nilikwangua kadi ya simu niliyonunua Matonge, mtaa wa Wakongo hapa Brussels, nikampigia Lubumbashi, nikamweleza juu ya jiwe. 

"Donc aliolewa na kaka yake?" akauliza kwa Kiswahili chetu cha Lubumbashi, chenye Kifaransa ndani. "Beko bantu ya namna gani, ile famille yako?"

Nikamweleza kwamba pengine ni kosa la aliyechonga jiwe. Hilo halikumtuliza, kwa kuwa alikuwa na jambo lake. Wiki chache kabla ya hapo nilikuwa nimemwambia kwamba mtoto ni wa kike, na tangu hapo alikuwa akisubiri kuambiwa jina. Kwetu msichana wa kwanza hubeba jina la mwanamke wa upande wa baba, aliyeishi vizuri, aliyelea watu. Nilikuwa nimemtajia huyu bibi Mpolandi, kwa sababu ndiye aliyemlea mama mkwe, na nilikuwa nimempa jina lake la ubatizo. Mama alilikataa palepale.

"Ile ni jina ya kanisa," akasema. "Bantu wote beko nayo. Miye nauliza jina yake ye mwenyewe, ile alizaliwa nayo."

Jina la mumewe nalo hakulitaka, maana kumpa mtoto jina la mume wa mtu ni kumpa nguo ya kuazima. Kwa hiyo kabla ya mtoto kuzaliwa nilitakiwa kupata jina ambalo hata jiwe la kaburi lilikuwa halilijui.

Wasiotoka kwetu huona haya ni makubwa kwa jambo dogo. Sikiliza. Mtoto akipewa jina la mtu, huwa majina yake, kama wengine wanavyosema wajina au somo, na si kumbukumbu tu. Dada yangu mkubwa alipewa jina la mama mzaa baba yetu. Basi baba, mtu mzima mwenye miwani na mkoba wa kazi, alikuwa akimwita dada yangu "mama" tangu yuko kwenye nepi. Asubuhi alimwamkia. Akilazimika kumgombeza, aliomba radhi kwanza. Dada yangu alijua kuutumia utawala huo, na sisi wengine tuliochapwa bila kuombwa radhi tulimchukia kwa hilo. Lakini nilimwona baba yangu akiwa na furaha ambayo watu wengine hawaipati, ya kumwita mama yake kwa sauti na kuitikiwa.

Nami nilitaka kitu hicho kiingie katika nyumba niliyoolewa, nyumba ya watu wapole wanaoongea kwa zamu na kusamehe haraka, lakini ambao wafu wao wanakaa kimya kama maji mtungini.

Nilikuwa nimekuja Brussels kusoma, miaka ya mwanzo ya elfu mbili, nikakaa mtaa wa Ixelles katika chumba kilichokuwa juu ya mgahawa wa Wakongo, nguo zangu zote zikinuka samaki wa kukaanga. Mume wangu nilimpata chuoni. Aliponipeleka Koekelberg mara ya kwanza, kwa mama yake, yule mama alinikaribisha vizuri, akaniambia nimwite kwa jina lake la kwanza. Mdomo wangu ulikataa. Kwetu mama mkwe hata kumtazama usoni sana ni utovu wa adabu, sembuse kumwita jina kama binti wa jirani. Tulihangaika mchana mzima, mimi nikikwepa kumwita chochote, mpaka tukakubaliana kwamba nitasema "maman" na yeye atazoea.

Siku hiyohiyo ndipo nilipolisikia tusi. Alikuwa akitoa keki ya tufaha kwenye oveni, kitambaa kikateleza, trei ikamchoma vidole, naye akatoa neno. Neno lenyewe lilianza kwa mngurumo, v na r zikigongana kama gari linalokataa kuwaka asubuhi ya baridi, na likaisha kwa mkia mrefu laini, -uvna. Mume wangu akaninong'oneza kwamba hilo ni tusi la Kipolandi, neno pekee la lugha hiyo lililobaki katika ukoo pamoja na lile la kumwitia bibi, babcia, ambalo wao walilitamka "bapcha". Mama yake alilipata kwa bibi yake. Hakuna aliyejua maana yake, ila wote walijua ni chafu mno. Mume wangu mwenyewe utotoni alilitumia kuwatisha wenzake shuleni, na hakuna aliyethubutu kumjibu.

Nami nikajifunza. Nikikosa basi kwenye Chaussée d'Ixelles, nikiangusha funguo, nikipokea bili ya gesi, nilitoa tusi langu la Kipolandi na kujisikia mtu wa nyumbani.

Basi, baada ya makaburini, upelelezi ukaanza. Mume wangu, ambaye alinionea huruma au alimwogopa mama yangu, aliandika barua kwa ofisi za ule mji wa makaa ya mawe ambako wazee wale walifikia. Jibu lilikuja na jina lilelile la jiwe. Tulikaa mezani tukapiga bongo, ndipo mume wangu akaelewa. Yule bibi alifika na pasipoti ya Kipolandi, na katika pasipoti ya mwanamke aliyeolewa kulikuwa na jina la mume. Karani wa hapa, aliyezoea kwamba mwanamke hana jina lingine isipokuwa la baba yake, alilinakili na kuendelea na chai yake. Kuanzia siku hiyo, katika kila karatasi, bibi yule alizaliwa mke wa mtu. Na jina la kijiji alichotoka lilikuwa limeandikwa kwa sikio, kiasi kwamba hakuna ramani iliyolijua. Binti yake, yaani mama yake mama mkwe, angeweza kutuambia, lakini naye alikuwa amekwisha kufa, na alipokuwa hai alipiga marufuku Kipolandi nyumbani kwake ili watoto wawe Wabelgiji sawasawa.

Nilibakiwa na njia moja, mama mkwe mwenyewe, na mama mkwe hakutaka. Si kwamba alikuwa mkali. Ukimuuliza habari za bibi yake alikuuliza kama umekula. Mume wangu aliniambia nimwache. Sikumwacha, ila nilibadili mbinu. Kila Jumapili nilikwenda jikoni kwake kumenya viazi, kwa sababu nimeona kwamba mtu mwenye kisu mkononi na macho kwenye ganda huongea kuliko mtu anayetazamwa. Sikuuliza majina. Niliuliza bibi alipika nini, alilalia upande gani, alikuwa akiimba au hakuimba. Hivyo nikampata kidogo kidogo: kwamba alitia bizari kwenye kila kitu, kwamba alifunga kitambaa kichwani hata ndani ya nyumba, kwamba baada ya kufiwa alihamia Koekelberg kwa binti yake na ndiye aliyempeleka mjukuu shule na kumrudisha.

Jumapili moja nikauliza kama wazee wale waligombana enzi za uhai wa babu. Hapo mama mkwe akacheka, mara ya kwanza tangu tuanze viazi. Waligombana sana, akasema, babu alikuwa na kelele. Yeye alikuwa mdogo, akija kwao likizo, lakini alikumbuka vizuri. Babu angepayuka, angepiga meza, na bibi angenyamaza, angenyamaza, halafu ghafla angesimama, angejipiga kifua kwa kiganja na kutoa lile tusi. Mara moja tu. Na babu alikuwa akinywea, anachukua kofia, anakwenda kukaa na sungura wake bandani.

Nilicheka naye. Nikamenya kiazi kingine. Kitu kilinigusa akilini, lakini hakikuniambia jina lake, kikapita.

Kilirudi siku chache baadaye. Nilikuwa nazungumza na mama yangu kwa simu na huko Lubumbashi pakazuka zogo. Jirani alikuwa amefungulia maji machafu yakapita uani kwetu, na mama, simu mkononi, akatoka kumkabili. Mimi Ixelles nilisikia yote, nikashika simu mbali na sikio. Jirani alisema hivi, mama akajibu vile, sauti zikapanda. Kisha mama akafanya kile anachofanya siku zote anapofika mwisho wa subira yake, nikasikia hata kile kiganja kikipiga kifua.

"Miye!" akasema. "Miye, mutoto ya..." na akataja jina la baba yake, babu yangu, mtu aliyekufa kabla sijazaliwa.

Jirani akarudi kwake. Na mimi nikakaa wima kitandani, mimba na yote.

Kwetu mwanamke aliyekasirika kabisa hatukani. Matusi ni ya hasira ndogo. Hasira ikifika kooni anataja alikotoka, ili yule anayemdharau ajue kwamba hakuokotwa njiani, kwamba kuna nyumba nzima nyuma yake. Mama yangu alifanya hivyo mbele ya baba yangu mara nyingi, na baba, ambaye hakuwa na sungura, alikwenda kusikiliza redio. Kwa nini mwanamke wa Kipolandi asingefanya hivyo? Tena kiganja kifuani! Nani anajipiga kifua ili kutukana?

Sikulala vizuri. Nilimwambia mume wangu, akanitazama kwa upole ule ambao wanaume huwapa wajawazito. Lakini mimi nilikuwa na pa kuuliza. Kule Uccle, kwenye kliniki ambako ningejifungulia, tulikuwa na darasa la wajawazito, na aliyelala kwenye mkeka wa pembeni yangu alikuwa Mpolandi, mfasiri katika ofisi za Ulaya, mmoja wa wale waliofurika mjini baada ya nchi yao kuingia Umoja wa Ulaya. Mpaka hapo tulikuwa tumezungumza juu ya kiungulia tu. Mwalimu alikuwa akitufundisha kupumua. Nikamgeukia yule Mpolandi, nikamwomba anisamehe kwa nitakachosema, kwa kuwa pengine ni neno baya, nikalitamka.

Alicheka, akasema halikuwa neno baya hata kidogo, nimelisikia wapi? Nikamwambia. Akaacha kucheka, akaacha na kupumua, akaketi. Akanieleza taratibu, akichora herufi kwenye mkeka kwa kidole. Ni jina la msichana, akasema, kwa mtindo wa zamani. Unachukua jina la ukoo la baba, unaongeza mkia huo, -uvna, na watu wanajua kwamba huyu ni binti yake ambaye hajaolewa. Akiolewa mkia unakatwa, anapachikwa mwingine wa mumewe. Siku hizi ni wazee wachache tu wanaoutumia.

Nikamwambia kwamba sisi maneno yetu hubadilika kichwani, mtu, watu, mtoto, watoto, kumbe wao wanabadilisha mkiani. Akasema ndiyo sababu inabidi usikilize mpaka mwisho. Nikamuuliza, ukikata mkia kunabaki nini?

"Ndege," akasema. "Yule mdogo wa kahawia anayeokota makombo chini ya meza za mikahawa."

Shomoro. Binti Shomoro, kama ambavyo hata Waswahili wa zamani wangemwita. Mwalimu alituuliza kama tunahitaji kitu. Tulikuwa tumeketi wawili, matumbo mbele, tunafuta machozi, na wenzetu wote wamelala chali wanapumua.

Neno lenyewe sitaliandika hapa. Sasa lina mwenyewe, naye bado hajaniruhusu.

Mama yangu nilipompigia alinifanya nilitamke mara nyingi, akalijaribu mwenyewe, akalivunja, akaliunga. Akauliza maana yake, nikamwambia. Alifurahi sana, kwa sababu jina ambalo lina baba ndani yake ni jina la kweli. "Kumbe nabo ni bantu," akasema. Halafu akaniwekea sharti la mwisho. Jina si mboga ya sokoni, mtu haendi kujichagulia. Hutolewa na wenyewe, na mwenyewe aliyebaki hai alikuwa mmoja. "Ni bukwe yako njo atalitoa," akasema, yaani mama mkwe. "Akikatala, basi."

Jumapili iliyofuata nilikwenda Koekelberg nikiwa na furaha kama mtu aliyebeba zawadi. Tulikuwa watatu jikoni, mimi, mume wangu na mama yake, na kuba la kijani la basilika likionekana dirishani juu ya paa za watu. Nikamweleza yote, mama yangu na jirani, mkeka, mkia, shomoro. Mwanzoni hakuamini. Kisha alicheka mpaka akashika meza.

"Maisha yangu yote," akasema, "kila nikijigonga kidole nilikuwa namwita."

Halafu kicheko kikakatika. Nilimwona akikunja kile kitambaa cha vyombo, akikikunjua, akikikunja tena. Mume wangu akaanza kusema tunataka kumpa mtoto jina hilo, liwe la pili baada ya lile la kanisa, na mama yake akamwinulia mkono anyamaze. Akatueleza jambo ambalo, nadhani, hakuwahi kumweleza mtu.

Alipokuwa mtoto, bibi yake alikuja kumchukua kila siku mlangoni pa shule, na kitambaa chake kichwani, viatu vya kiume, kipande cha mkate wa siagi kimefungwa kwenye leso. Wasichana wengine walipokelewa na mama zao waliovaa kofia. Siku moja mmoja wao akamuuliza, yule mama ni nani wako. Bibi alikuwa amekwisha kufika, amesimama hatua mbili kutoka pale.

"Nikasema ni mtumishi wetu," mama mkwe akasema. "Nilidhani hakijui Kifaransa."

Lakini neno hilo bibi alilijua, kwa sababu alikuwa amefanya kazi hiyo kwa watu.  Alimpa mkate wake. Alimpokea mkoba, jambo ambalo hakuwa akilifanya, na walipoanza kwenda nyumbani akawa anatembea nyuma yake, si pembeni. Siku ya pili vilevile. Alifanya hivyo mpaka mtoto alipokua na kwenda shule peke yake. Nyumbani aliendelea kuwa babcia, akimsuka nywele na kumwimbia, lakini kila walipofika kona ya shule alirudi nyuma na kuubeba ule mkoba, ili mjukuu wake asionekane mwongo. Na mjukuu hakuwahi kumwambia aache. Kwa aibu hiyo hakuwahi kumuuliza lolote tena, alitoka wapi, alikuwa binti wa nani. Ndiyo maana jina likapotea.

Mume wangu alikuwa akitazama sakafu. Mimi nilitaka kumshika yule mama mkono, lakini ni mama mkwe, sikujua kama inafaa.

"Msimpe mtoto jina hilo," akasema. "Mimi sina haki ya kulitoa."

Niliumia, sitaficha. Niliumia kwa ajili yake, na niliumia pia kwa ubinafsi, kama mtu aliyetafuta ufunguo miezi yote na kuambiwa asifungue. Nilimweleza mama yangu. Nilitegemea atapiga kelele, lakini akasema tumwache bukwe apumzike, asiyelia leo atalia kesho, na tusitaje jina lingine lolote kwa sasa. Baridi ikaingia, theluji ikafunga njia, tumbo langu likanitangulia kila mlangoni. Mama mkwe alifuma kofia na soksi, akazileta, akatengeneza supu. Jumapili tuliendelea kumenya viazi. Siku moja akaungua kwenye sufuria palepale mbele yangu, na nikasubiri neno lije. Alisema "aïe" kama Mbelgiji yeyote, akaweka mkono chini ya bomba. Tulikuwa tumelipata jina, tukapoteza tusi, na nyumba ile ikawa kimya kuliko nilivyoikuta.

Mtoto alizaliwa mwishoni mwa baridi, pale Uccle, asubuhi yenye jua, akiwa na nywele tele na uso wa mtu aliyeamshwa kwa makosa. Kwenye kitanda chake cha plastiki waliweka kibao chenye jina la ukoo peke yake. Mume wangu alitakiwa kwenda komine, ofisi ya serikali ya mtaa, kumwandikisha, na kila mara alisema atakwenda baada ya kahawa. Tulijua wote tunachosubiri, ila hakuna aliyekisema.

Mama mkwe alikuja mchana, amevaa kama mtu anayekwenda misa. Alinawa mikono kwa muda mrefu. Nikampa mtoto. Alikaa kwenye kiti kando ya dirisha, akamtazama, na mtoto akamtazama yeye kwa lile kunyanzi la kati ya nyusi ambalo sijui amelitoa wapi, kwangu hakulitoa.

Sikumwomba chochote. Nilimsimulia tu habari ya baba yangu na dada yangu, kwa kuwa sikuwahi kumsimulia yeye. Nikamwambia jinsi mzee yule mwenye miwani alivyokuwa akimwamkia mtoto mwenye kamasi na kumwita mama. Nikamwambia kwamba kwetu mtoto akibeba jina, wale waliokuwa na neno la kumwambia yule aliyekwenda wanaweza kumwambia huyu, na linahesabiwa limefika. Kwamba baba yangu alikosana na mama yake kabla hajafa, na kwamba dada yangu, akiwa na meno manne mdomoni, aliombwa msamaha mara nyingi kuliko askofu. Mama mkwe alinisikiliza bila kuniangalia. Kidole chake kilikuwa ndani ya ngumi ya mtoto.

"Na yule mtoto," akauliza, "anaitwaje na baba yake mbele ya watu?"

Nikamwambia, vilevile. Mbele ya watu hasa.

Mlango ukafunguliwa, muuguzi kijana akaingia na kipimajoto chake, mchangamfu, akasema hali ya hewa nzuri, akawaona wale wawili dirishani. Akamuuliza mama mkwe kama huyo ni mjukuu wake wa kwanza.

 Mama mkwe alimweka mtoto vizuri mikononi, akamnyoosha kofia, akamgeuza uso kuelekea mlangoni ili aonekane.

"Hapana, binti," akasema, kwa sauti ambayo hata waliokuwa koridoni waliisikia. "Huyu ni bibi yangu."

Muuguzi akanitazama, kuuliza kwa macho kama yule mama yuko sawa. Nikamwashiria kwa kichwa kwamba ndiyo, ni kweli. Mume wangu akachukua koti lake, akaenda komine.